Siku ya Thelathini Ndani ya Arobaini

Pwani ya Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, mzazi huhesabiwa siku. Ya saba mtoto hupewa jina, hunyolewa na, kwa wenye uwezo, huchinjiwa akika. Ya arobaini mama na mwana hutoka. Katikati hapo mzazi hukandwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hunyweshwa uji wa pilipili manga. Mtoto naye hufichwa macho ya watu, na wanja hupakwa kwenye nyusi ili mwenye kijicho asimdhuru.

Daktari wa macho ana hesabu yake. Mtoto akizaliwa njiti, anataka kumchungulia ndani ya jicho wiki nne hivi baada ya kuzaliwa. Hesabu zote mbili zinamlinda mtoto, ila moja inamtaka akae ndani na nyingine inamtaka atoke.

Mishipa ya damu ya retina huanza kuota kwenye wiki ya 16 hivi ya mimba, na hufika ukingoni karibu na wiki ya 40. Anayezaliwa wiki ya 30 anatoka tumboni kazi hiyo haijakwisha. Oksijeni anayopewa ili aishi, ikizidi, huizuia mishipa isiendelee kukua. Baadaye jicho linapodai damu, mishipa mipya huota ovyo na inaweza kuivuta retina mpaka ibanduke. Kwa nje jicho ni zima na linang'aa. Ule weupe ambao mama huja kuuona kwenye mboni ni dalili ya mwisho, na kwa kawaida ukishaonekana matibabu yamechelewa.

Nchi tajiri zililipa sana kulijua hili. Theodore Terry aliueleza ugonjwa huu Boston mwaka 1942. Mwaka 1951 Kate Campbell, wa Melbourne, aliitilia shaka oksijeni, na miaka michache baadaye utafiti wa Marekani ukamthibitisha. Kufikia hapo watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamepofuka. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa Michigan mwaka 1950, alipoteza uwezo wa kuona kwa ugonjwa huohuo. Oksijeni ikabanwa, upofu ukapungua, lakini wachanga wengine wakafa kwa kuikosa. Leo Marekani huwapima waliozaliwa na gramu 1,500 kushuka chini, au wiki 30 kushuka chini. Kipimo cha kwanza hufanywa wiki ya 31 ya umri wa mimba au wiki ya nne tangu kuzaliwa, kutegemea ipi itachelewa kufika. Hesabu hiyo inawafaa watu ambao mimba zao hupigwa ultrasaundi mapema, na ambao oksijeni ya wachanga wao huchanganywa na hewa kwa kipimo.

India ilikijaribu kiatu hicho cha Marekani, kikaibana. Huko ugonjwa uliwapata hata watoto wenye zaidi ya gramu 1,500, ambao kanuni ya Marekani ingewapita. Kwa hiyo mwongozo wa Wahindi ukapandisha mpaka hadi chini ya gramu 2,000 au chini ya wiki 34, ukaweka na tarehe isiyo na utata: siku ya 30 isipite jicho halijatazamwa. Walio wadogo zaidi hutazamwa wiki ya pili au ya tatu. Jimboni Karnataka, tangu mwaka 2008, mradi wa KIDROP umekuwa ukiwapeleka mafundi na kamera kwenye wodi za mikoani, na picha zikisomwa na bingwa aliye mbali.

Kipimo chenyewe hakipendezi kukitazama. Mtoto hutiwa matone ya kupanua mboni, kisha hufungwa kwenye kanga mikono ikiwa ndani. Kifaa kidogo cha chuma huzitenga kope. Daktari, taa ikiwa kichwani na lenzi mkononi, anafuata mishipa mpaka pale inapokoma. Mtoto analia, anatuliziwa kwa maziwa ya mama au tone la maji ya sukari. Ugonjwa ukikutwa umefika pa kutibiwa, leza au sindano ya ndani ya jicho hutakiwa ndani ya siku mbili au tatu. Kutoka Tanga, hospitali ya KCMC ya Moshi iko mbali kwa zaidi ya kilomita 300, na Muhimbili ya Dar es Salaam vilevile. Ndiyo maana siku moja ikipotea nyumbani hailipiki barabarani.

Kwa Tanga, naichagua hesabu ya India. Akina mama wengi hawana uhakika na tarehe ya mwisho ya hedhi, lakini siku ya kuzaliwa hakuna asiyeijua. Na pwani imezoea kuhesabu kuanzia siku hiyo hiyo.

Ni rahisi kumtupia bibi lawama kwamba anamfungia mjukuu ndani. Lakini nifasi, yaani damu ya uzazi, ambayo kwa madhehebu ya Shafii huweza kufika siku 60, inagusa sala, funga na unyumba. Haimkatazi mzazi kwenda hospitali. Kukaa ndani ni desturi, na desturi hiyo imekwisha kulegezwa: mama wa njiti hukaa wodini wiki kadhaa, mtoto kifuani kwa mtindo wa kangaroo, wala hakuna anayemwambia amevunja mila. Ratiba ya kliniki ya Tanzania nayo ina hudhurio kati ya siku ya 29 na ya 42, ambalo limo ndani ya arobaini.

Hospitali haina mtu anayezifuatilia siku za mtoto mmoja kama bibi anavyozifuatilia. Basi njiti anaporuhusiwa kutoka hospitali ya Bombo au Teule ya Muheza, tarehe ya macho iandikwe kwenye kadi, na itamkwe mbele ya huyo bibi: ya saba jina, ya thelathini macho, ya arobaini kutoka. Familia ikishaifuata hesabu hiyo, zamu ni ya serikali kuhakikisha kuna daktari, au walau fundi mwenye kamera, wa kuwapokea. Wakifika siku ya 30 wakakuta chumba kimefungwa, asitafutwe wa kulaumiwa katika mila.