Paka Alale Wapi? Hoja ya Kumweka Ndani Usiku katika Kaya za Afrika Mashariki

Swali la kumfungia paka ndani au kumwacha atembee limetufikia likiwa limeshajibiwa mara mbili, na majibu yenyewe yanapingana. Nchini Marekani, shirika la American Bird Conservancy limeendesha tangu 1997 kampeni ya kuwataka wafugaji wawaweke paka wao ndani maisha yote. Nchini Uingereza, Royal Society for the Protection of Birds, chama kikubwa cha kuhifadhi ndege, kinashikilia kwamba hakuna ushahidi wa wazi kuwa paka ndio wanaopunguza idadi ya ndege nchini humo, na wafugaji wengi huko huwaacha paka watoke watakavyo. Jibu la kwanza husikika katika kliniki za mifugo za miji yetu mikubwa. La pili linafuatwa karibu kila mtaa bila ya mtu kulitetea. Makala hii inadai kwamba yote mawili yalifikiriwa ndani ya nyumba isiyo yetu: yenye madirisha ya vioo, mlango unaofungwa mchana kutwa, na dari isiyo na panya.

Katika kaya ya Afrika Mashariki, panya anayekula mahindi, anayetoboa magunia na kuchafua unga yumo ndani, na saa zake ni za usiku. Kwa sababu hiyo mahali pa paka usiku ni ndani. Maslahi ya mwenye nyumba na ya mhifadhi wa wanyamapori, ambayo maandishi mengi huyachukulia kuwa hayapatani, kwetu yanakutana katika saa hizohizo.

Kuhusu asili ya paka hakuna ubishi wa maana. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa na Driscoll na wenzake mwaka 2007 ulimrejesha paka wa nyumbani kwa kimburu, yaani paka-mwitu, wa Mashariki ya Karibu, na kaburi la Kisiwa cha Kupro ambamo paka alizikwa kando ya mtu lina umri wa takriban miaka 9,500. Wataalamu wengi wanakubali kwamba kilichomvuta ni panya wa kwenye akiba za nafaka. Ubishi unaanzia kwenye madhara. Loss, Will na Marra walikadiria mwaka 2013 kuwa paka nchini Marekani huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4.0 kila mwaka. Hesabu hii hunukuliwa sana kama hoja ya kumfungia paka wa nyumbani, lakini wanaoinukuu huacha nusu yake ya pili: watafiti haohao walionyesha kuwa sehemu kubwa ya vifo hivyo husababishwa na paka wasio na mwenyewe. Kumnyima uhuru paka mwenye mwenyewe kwa hesabu ya paka shume wa jalalani si hoja iliyokamilika.

Ushahidi wa Cape Town una uzito zaidi kwetu, kwa kuwa ni wa mji wa Kiafrika unaopakana na hifadhi ya taifa. Seymour na wenzake, katika utafiti wa 2020 uliotumia kamera ndogo zilizofungwa shingoni mwa paka, walikadiria kwamba paka wapatao 300,000 wa mji huo huua wanyama milioni 27.5 kwa mwaka. Karibu nusu ya mawindo yalikuwa mijusi na jamaa zao. Jambo linalopaswa kumshtua kila mfugaji ni kwamba paka walileta nyumbani chini ya sehemu moja ya tano ya walichoua. Mtu anayesema "paka wangu hawindi, sijamwona na kitu" anatoa ushahidi juu ya kibaraza chake, si juu ya paka.

Lakini muulize mama wa Mbagala au wa Kisauni kwa nini ana paka. Hatataja mapenzi kwanza; atataja panya. Hapo hukutana na dai jingine kutoka ng'ambo, kwamba paka hapunguzi panya hata kidogo. Msingi wake mkubwa ni utafiti wa Parsons na wenzake uliochapishwa 2018 kutoka kiwanda cha kuchakata taka mjini New York. Katika siku 79 za kurekodi, kamera zilinasa matukio 20 tu ya paka kunyatia panya, na panya wawili waliouawa. Sina ugomvi na takwimu hizo. Ugomvi wangu ni na wanaozisafirisha hadi Singida au Machakos. Panya wa New York ni Rattus norvegicus, panya mkubwa wa mitaroni, na utafiti wa zamani wa Childs mjini Baltimore ulishaonyesha kwamba paka hukamata zaidi wale wadogo wa jamii hiyo na kuwakwepa wakubwa. Nyumba zetu nyingi, hasa mbali na bandari, zina Rattus rattus, panya mwepesi wa darini, na panya shamba Mastomys natalensis, ambaye ni mdogo zaidi na huhamia ghalani baada ya mavuno. Hawa paka anawamudu.

Utafiti unaopaswa kuongoza mjadala wetu ulifanyika Eswatini na kuchapishwa 2017 na Mahlaba na wenzake. Walichagua kaya 40 katika jamii nne za wakulima na hawakuhesabu panya waliokufa. Walipima hofu ya panya walio hai. Waliweka vituo vyenye chakula, kisha wakapima kiasi ambacho panya walikiacha. Panya mwenye amani hula karibu chote. Panya anayehisi hatari huondoka mapema na kubakiza kingi. Pamoja na hayo waliweka vigae vya kunasa nyayo ili kujua panya wanapita kwa wingi gani. Matokeo yake yana fumbo. Kaya zilizokuwa na paka na mbwa kwa pamoja zilikuwa na panya wachache wanaotembea, na waliokuwepo waliacha chakula kingi zaidi. Kaya zenye paka peke yake hazikutofautiana na kaya zisizo na mnyama yeyote. Kaya zenye mbwa peke yake vilevile.

Mtetezi wa kumfungia paka moja kwa moja anaweza kuushika utafiti huu na kusema: kumbe paka peke yake hana faida, basi mfungieni. Mtetezi wa uhuru atasema: kumbe paka na mbwa wakizunguka pamoja panya huogopa, basi waacheni. Wote wawili wanaruka swali moja. Kaya ziligawanywa kwa kuwepo kwa wanyama, si kwa mahali wanapolala. Waandishi wenyewe wanapendekeza kwamba wawindaji wa aina mbili tofauti wakiwa pamoja huzidisha hofu kuliko kila mmoja peke yake. Ufasiri wangu unaendeleza pendekezo hilo: mbwa hutawala uwanja wa wazi, paka huingia uvunguni, nyuma ya magunia na juu ya boriti, na panya anayemkimbia mmoja anamkuta mwingine. Kama ndivyo, paka anayeondoka magharibi na kurudi alfajiri ameuvunja mtego huo katika saa zilezile ambazo panya anatoka. Mbwa amebaki uani, na darini hakuna mtu. Ndiyo maana sishangai kwamba paka peke yake, pengine wa kutangatanga, hakuonekana na athari. Simdai msomaji akubali kwamba jambo hili limethibitishwa. Namdai akubali kwamba ni ufasiri unaopimika, na kwamba unaendana na tabia za panya kuliko fasiri zote mbili pinzani.

Kwa wanyamapori, usiku ndio saa ambayo kimburu naye yuko kazini. Huko Scotland kuzaliana na paka wa nyumbani kumewafikisha kimburu wa huko ukingoni mwa kutoweka. Kwa upande wa Afrika Kusini, uchunguzi wa vinasaba wa Le Roux na wenzake, 2015, ulikuta mchanganyiko bado ni mdogo. Afrika ingali na kitu cha kuokoa. Paka aliyehasiwa na anayelala ndani si tishio kwa damu ya kimburu. Jike asiyefungwa kizazi, anayezurura pembezoni mwa hifadhi usiku, ni tishio. Tuongeze ugonjwa. Mapigano ya usiku huambukiza, na paka aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kukipeleka kwa mtoto wa nyumba. Dunia imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na paka asisahauliwe siku ya chanjo.

Upinzani wa kidini unastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu Pwani ndio wenye nguvu kuliko hoja zote za kisayansi. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfunga. Wengi huisoma kuwa ni katazo la kumfungia paka kwa namna yoyote. Lakini kosa linaloelezwa humo lina sehemu mbili: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Kumweka paka ndani akiwa amelishwa, ana maji, na asubuhi anafunguliwa, hakumo katika kosa hilo. Tena kuna hadithi nyingine inayowahesabu paka kuwa miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani mwetu, na kwamba si najisi. Nyumbani ndipo mahali pake.

Upinzani wa kimazingira ni mgumu zaidi. Mjusi na ndege wengi hutembea mchana, hivyo kumfungia paka usiku hakuwaokoi. Ni kweli, na kwa hiyo kanuni hii haiwezi kuwa moja kwa kila mahali. Nyumba inayopakana na msitu wa Ngezi kule Pemba, kisiwa chenye ndege wasiopatikana pengine popote duniani, au na Arabuko-Sokoke, anakoishi sange wa kiuno cha dhahabu ambaye hutafuta chakula mchana, haina udhuru wa kumtoa paka saa yoyote. Asiyeweza kumzuia huko asifuge.

Lipo na suala la tauni. Wilaya ya Lushoto ilianza kuugua tauni mwaka 1980, na paka anayekula panya wenye vimelea anaweza kuugua na kuambukiza watu. Kwa maeneo hayo "ndani" imaanishe jikoni na ghalani, kamwe si kitandani, na palipo na mlipuko hoja yangu yote isimame kando.

Watasema nyumba zetu zina matundu: mwanya kati ya ukuta na bati, dirisha la nondo, ua usio na mlango. Kufuli halihitajiki hapo. Paka hurudi mahali na saa anapolishwa. Majaribio ya Cecchetti na wenzake nchini Uingereza, 2021, yalionyesha kuwa chakula chenye nyama nyingi kilipunguza mawindo yanayoletwa nyumbani kwa asilimia 36, na dakika chache za kumchezesha kila siku kwa asilimia 25; kengele ya shingoni haikuleta tofauti ya kuonekana. Imani kwamba paka lazima alale na njaa ndipo awinde ndiyo inayomtoa nje. Vichwa vya samaki au dagaa wakati wa magharibi, jikoni, kisha mlango ukarudishwa, vinatosha kwa paka wengi.

Halmashauri zinazogharimia chanjo ya mbwa ziandike paka katika daftari hilohilo. Maofisa mifugo wa kata wafundishe kuhasi na kulisha jioni kabla ya kufundisha jambo jingine lolote kuhusu paka. Na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chenye historia ndefu ya kutafiti panya, kirudie kipimo cha Eswatini katika vijiji vya Morogoro kwa kuongeza swali moja tu kwa kila kaya: usiku wa jana paka wenu alilala wapi?