Kama mto ungetosha, hata Simiyu ingekuwa na mapiramidi

Wadau, shuleni wengi wetu tulikaririshwa kwamba bila mto Nile pasingekuwa na Misri ya mafarao. Herodotus, yule Mgiriki aliyeandika habari za Misri katika karne ya 5 Kabla ya Kristo (KK), naye alikwishasema jambo kama hilo. Sawa. Lakini hilo ni nusu ya jibu. Mito iko sehemu nyingi duniani. Hata mtu wa Ipililo, kule mkoani Simiyu, anaijua mito. Kwa nini basi mapiramidi yako Giza na si Usukumani? Wapo watakaokujibu harakaharaka kwa kuangalia rangi ya ngozi. Mimi nasema tuangalie mchanga kwanza, halafu maji.

Miaka 8,000 hivi iliyopita, sehemu kubwa ya Sahara haikuwa jangwa. Kulikuwa na majani na maziwa, watu wakifuga ng'ombe na kuwachora kwenye miamba. Mvua zikapungua kidogo kidogo, na kufikia miaka 5,000 iliyopita nchi ilikuwa imekauka. Watu wakahama, na baadhi yao wakasogea kwenye bonde la Nile. Karibu mwaka 3100 KK, Misri ya Juu na Misri ya Chini zikawa chini ya mfalme mmoja, ambaye wanahistoria wengi humtaja kwa jina la Narmer.

Unaona mambo yalivyokwenda? Jangwa liliwasukuma watu mtoni, kisha likawabana hapohapo. Mkulima akichoka na kodi ya farao aende wapi? Mashariki mchanga, magharibi mchanga. Wenyewe waliita ardhi nyeusi ya kandokando ya mto Kemet, na ile nyekundu ya jangwani Deshret. Hiyo nyekundu iliwapa dhahabu na mawe, ikawazuia maadui wengi, na ukavu wake ukatutunzia nyaraka zao. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Sham, zilipatikana kumbukumbu za afisa aliyeitwa Merer, aliyesafirisha mawe kwa mashua kwa ajili ya piramidi la Khufu. Ni mafunjo ya miaka zaidi ya 4,500!

Sasa maji. Sifa kubwa ya Nile haikuwa wingi wa maji, ilikuwa ratiba. Kila mwaka mvua za nyanda za juu za Ethiopia ziliufanya mto uvimbe wakati wa kiangazi cha Misri, ufunike mashamba, uache tope lenye rutuba, halafu uondoke kwa wakati wa kupanda. Kalenda yao ilianza na mafuriko. Kisiwani Elephantine, karibu na Aswan, walichonga ngazi za kupimia kimo cha maji, na kwa kipimo kama hicho serikali iliweza kukadiria mavuno na kodi. Mtawala anayejua mapema shamba litatoa nini anaweza kuajiri makarani, kulisha askari na kujenga piramidi.

Linganisha na mto Simiyu. Unatoka upande wa Serengeti na kumwaga maji Ziwa Victoria. Masika unafurika, kiangazi unabaki mchanga na watu wanachimba visima humo kutafuta maji. Mwaka mmoja mvua inakuja mapema, mwaka mwingine inagoma. Kwa hali hiyo Wasukuma waliweka akiba yao kwenye mali inayotembea, yaani ng'ombe, na wakatenga ngitili, malisho yanayofungwa ili yaliwe wakati wa ukame. Mtemi aliyeshindwa kuleta mvua aliweza kung'olewa. Na kwa kuwa hapakuwa na jangwa la kumzuia mtu, aliyechoka na mtemi wake aliswaga ng'ombe akahamia kwa mwingine. Kwa watu wa namna hiyo, nani angebeba mawe ya piramidi miaka 20? Akili ilikuwepo tele, ila ilikuwa inajibu swali jingine.

Hata Misri ratiba iliwahi kuvurugika. Karibu mwaka 2200 KK mafuriko yalipungua, na watafiti wengi wanaona hilo lilichangia kuanguka kwa Ufalme wa Kale.

Habari hii ni yetu pia. Mto Simiyu unaingia Ziwa Victoria, na ziwa linatoa Nile Nyeupe. Tusijidanganye, takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan hutoka Ethiopia. Lakini Nile Nyeupe ndiyo iliyosaidia mto usikauke miezi ambayo maji ya Ethiopia yalikuwa yamepungua. Kwa sababu hiyo, mwaka 1929 Uingereza ilikubaliana na Misri kwamba katika nchi ilizozitawala, Tanganyika ikiwemo, pasijengwe kitu cha kupunguza maji hayo bila idhini ya Misri. Babu zetu hawakuulizwa. Mwaka 1962 serikali ikatamka kwamba Tanganyika huru haifungwi na mkataba huo. Miaka ya 2000 tukavuta maji ya ziwa hadi Kahama na Shinyanga. Mkataba mpya wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile, uliofunguliwa kwa kusainiwa mwaka 2010, ulianza kufanya kazi Oktoba 2024, bila Misri wala Sudan.

Nawaelewa Wamisri. Zaidi ya watu milioni 100, na jangwa bado limewabana palepale lilipowabana mababu zao. Hofu yao si mchezo. Lakini mama wa Simiyu anayechimba mchanga kutafuta ndoo moja naye ana hofu yake, na historia ya mapiramidi haimwondolei haki ya kunywa.

Tukitaka kuiga kitu kutoka kwa mafarao, tuache mawe. Tuige ile ngazi ya Elephantine: kupima maji, kuandika, na kuweka akiba kabla mwaka mbaya haujafika. Mvua zetu hazina ratiba, kwa hiyo sisi tunahitaji vipimo na mabwawa kuliko walivyohitaji wao. Je, wilayani kwenu nani anapima?