Gitaa la umeme la kwanza: namna ya kuliweka sawa na kulitunza

Kila tukipiga zilipendwa za Morogoro Jazz au Cuban Marimba, ujumbe unaingia studio kutoka Mgeta, Kinole, Matombo na Mikese. Wengi ni vijana wa kwaya na vikundi vya harusi, na swali lao linafanana: "Nimenunua gitaa la umeme, linaumiza vidole na halikai kwenye sauti. Niliuze?"

Jibu letu: usiliuze bado. Magitaa ya bei nafuu hutoka kiwandani yakiwa hayajarekebishwa vizuri, kisha husafiri miezi mingi kwenye joto na unyevu. Shingo inapinda, nyuzi zinakaa juu mno, na anayejifunza anadhani tatizo ni vidole vyake. Mji wetu kasoro bahari ulimlea Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo ambaye Morogoro Jazz ilikwenda naye Osaka, Japani, kwenye maonesho ya Expo 70. Kipaji kama hicho kinaweza kukata tamaa mapema kwa sababu ya skrubu mbili zisizokazwa vizuri.

Unahitaji bisibisi ya nyota, spana ndogo za umbo la L zinazokuja na gitaa, kitambaa kikavu, kadi mbili za plastiki (ya benki au kitambulisho), na simu yenye programu ya kutyuni. Programu za bure zipo, na nyingi zikishapakuliwa hazihitaji bando. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Nyuzi na tyuni

Uzi mwembamba kabisa ni wa 1, mnene kabisa ni wa 6. Kuanzia wa 6 kwenda wa 1, sauti zake ni E, A, D, G, B, E. Nyuzi zenye kutu zibadilishe kwanza, maana haziwezi kukaa kwenye sauti. Anayeanza achukue seti nyepesi inayoanzia 9, ambayo haiumizi sana vidole. Badilisha uzi mmoja mmoja. Magitaa mengi ya wanaoanza yana springi nyuma ya daraja, na ukitoa nyuzi zote kwa pamoja springi hizo zitalivuta daraja.

Nyuzi mpya hulegea. Zivute taratibu kwa vidole, tyuni tena, rudia mara tatu au nne.

Hatua ya 2: Shingo

Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayoshindana na mvuto wa nyuzi. Bana uzi wa 6 kwenye freti ya kwanza kwa kidole kimoja, na kwenye freti ya mwisho kwa kingine. (Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo.) Sasa tazama katikati, karibu na freti ya 7 au ya 8. Panatakiwa uwazi mdogo sana, kama karatasi mbili tatu za daftari.

Uwazi ukiwa mkubwa, kaza fimbo kwa kuzungusha kulia. Kama hakuna uwazi kabisa na nyuzi zinakwaruza, legeza kwa kuzungusha kushoto. Zungusha robo mzunguko tu, tyuni upya, halafu subiri mpaka kesho yake kabla ya kuongeza. Fimbo ikigoma, usilazimishe. Ikikatika, shingo nzima imekwenda, kwa hiyo hapo mpelekee fundi.

Hatua ya 3: Kimo cha nyuzi

Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8. Weka kadi mbili pamoja juu ya freti ya 12, ambayo kwa kawaida ina alama ya nukta mbili. Zinatakiwa kupita chini ya uzi wa 1 zikiugusa kwa mbali, bila kuusukuma. Uzi wa 6 uwe juu kidogo zaidi, karibu milimita 2.

Kila uzi umekalia kipande chake cha chuma kwenye daraja. Skrubu ndogo zilizo juu ya kipande hicho ndizo zinazopandisha na kushusha. Ukishusha mno, uzi utagonga freti na kukwaruza. Pandisha kidogo mpaka mkwaruzo uishe.

Hatua ya 4: Freti ya 12

Freti ya 12 iko katikati ya urefu wa uzi, kwa hiyo inapaswa kutoa sauti ileile ya uzi mtupu, ila ya juu. Piga uzi mtupu ukiwa umetyuniwa, kisha bana freti ya 12 na utazame simu. Ikionyesha sauti imepanda kupita kiasi, rudisha kipande cha daraja nyuma, mbali na shingo. Ikionyesha imeshuka, kisogeze mbele. Kazi hii ndiyo inayoondoa lile tatizo la kodi kuwa tamu karibu na kichwa na chungu zaidi chini.

Umeme: hapa tuwe makini

Gitaa lenyewe halitumii umeme wa ukutani. Sumaku na koili zilizo chini ya nyuzi hutengeneza umeme mdogo sana, ambao amplifaya inaukuza. Wengi wetu huanza kwa kuchomeka kwenye sabufa. Inawezekana, hasa kama ina tundu la maikrofoni, lakini sauti itakuwa nyembamba, na ukifungua sana unaweza kuua spika.

Hatari iko kwingine. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ethi kupitia waya unaokwenda kwenye amplifaya. Amplifaya ikiwa na hitilafu na ethi haipo, umeme wote unaweza kufika kwenye nyuzi, yaani mikononi mwako. Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Uingereza, baada ya kugusa maikrofoni isiyokuwa na ethi.

Kwa hiyo:

- Usikate waya wa ethi, ule wa kijani na njano.
- Acha mtindo wa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie.
- Usipige gitaa pekupeku kwenye ardhi yenye maji, hasa kwenye harusi zinazotumia jenereta.
- Ukihisi nyuzi au maikrofoni inakutekenya, zima mtambo kwenye swichi na umwite fundi umeme. Hiyo ni shoti ndogo, na inaweza kuwa kubwa.

Kutunza gitaa milimani na bondeni

Mbao hunywa unyevu na kuutoa. Masika Kinole na Matombo ukungu unaingia mpaka ndani, shingo inavimba na nyuzi zinashika kutu. Kiangazi mjini, chini ya bati, mbao zinakauka na ncha za freti zinaanza kuchoma mkono. Kagua shingo mara mbili kwa mwaka, msimu unapobadilika.

Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, maana jasho ndilo linaloleta kutu. Usipake mafuta ya kupikia kwenye shingo, yanavunda na kunata. Tunza gitaa ndani ya mfuko wake, mbali na moshi wa jikoni, ukuta wenye unyevu na dirisha lenye jua. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke humo. Kwenye bodaboda libebe mgongoni, usilifunge kwa mpira nyuma ya kiti.

Vitufe vya sauti vikikwaruza, vizungushe mara ishirini huku na huku, kwani mara nyingi ni vumbi tu. Sauti ikikatika unapotikisa waya, jaribu waya mwingine kwanza. Tatizo likibaki, tundu la waya limelegea au risasi imeachia. Fundi redio wa gulioni anaweza kuchomea hapohapo.

Ukifanya haya yote na bado linakataa, tutumie ujumbe na utueleze umefika hatua ipi. Tutalisoma swali lako kwenye kipindi na kumuuliza fundi.