Giaboksi inayochelewa: Maboresho yanayofaa na yasiyofaa katika milima ya Meru na Embu

DEREVA anayeondoka mjini Embu kuelekea Meru hukumbana na mpando na mteremko kila baada ya kilomita chache. Barabara hiyo inayozunguka upande wa mashariki wa Mlima Kenya hupitia Runyenjes, Chuka, Igoji na Nkubu, na hukatiza mito mingi inayotoka mlimani, ikiwemo Thuci, Nithi na Mutonga.

Kwa mwenye gari la otomatiki, safari hiyo ni mtihani wa giaboksi.

Malalamiko ya kawaida ni kwamba gari huonekana kana kwamba linafikiri kwanza. Dereva hukanyaga mafuta ili alipite lori lililosheheni mizigo, injini ikanguruma, lakini mwendo usiongezeke upesi. Katika barabara nyembamba yenye kona, kuchelewa kwa sekunde moja au mbili kwaweza kumgharimu mtu maisha.

Ndiyo sababu baadhi ya wenye magari hutafuta vipuri vya ziada vya kuharakisha ubadilishaji wa gia. Vipo vinavyosaidia, lakini vipo pia vinavyoficha ugonjwa au hata kuuzidisha.

Magari mengi ya kibinafsi nchini huletwa yakiwa yametumika nchini Japani, na kanuni za Kenya haziruhusu gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Hivyo basi, giaboksi nyingi huwasili zikiwa tayari zimefanya kazi kwa miaka kadhaa, na mnunuzi nadra hujua oili yake ilibadilishwa lini.

Toyota Probox ni mfano mzuri. Gari hilo lilizinduliwa Japani mwaka wa 2002 likiwa na giaboksi ya otomatiki ya gia 4, kisha mwaka wa 2014 likaanza kutumia giaboksi ya aina ya CVT, isiyokuwa na gia za kuhesabika. Probox la mizigo liliundwa kubeba kilo 400 likiwa na watu 2. Katika maeneo ya miraa ya Meru na ya muguka ya Mbeere, gari hilo hubebeshwa uzito unaozidi kipimo hicho.

Hali ya hewa ya milimani nayo ina mchango wake. Mji wa Meru uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda, injini isiyo na taboni hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake katika kimo hicho. Giaboksi hulazimika kushuka gia mara nyingi zaidi kuliko ingelivyofanya Mombasa.

<b>Jinsi gia zinavyobadilika</b>

Ndani ya giaboksi ya otomatiki hamna klachi moja inayoendeshwa kwa mguu. Mna mafungu kadhaa ya sahani za klachi, na kila gia huhitaji fungu fulani libanwe na jingine liachiliwe. Kazi ya kubana hufanywa na oili iliyosukumwa na pampu kwa shinikizo kubwa.

Oili hiyo huelekezwa na kiini chenye vijia na vali nyingi, ambacho mafundi hukiita vali-bodi. Kompyuta ya gari husoma mwendo, uzito wa mguu wa dereva na joto, kisha huamuru swichi za umeme ziitwazo solenoidi zifungue au zifunge vijia hivyo.

Watengenezaji huruhusu sahani ziteleze kidogo kabla ya kushikana, ili abiria wasihisi mshtuko. Ulaini huo ndio unaowapendeza wateja wengi. Lakini mtelezo huzaa joto, na mzigo ukizidi, mtelezo hurefuka na sahani huanza kuungua.

<b>Tiba kabla ya mapambo</b>

Kabla ya kununua kipuri chochote, ni muhimu kuthibitisha kwamba giaboksi yenyewe ni nzima. Mara nyingi kuchelewa kwa gia husababishwa na oili iliyopungua au iliyochakaa, chujio lililoziba, solenoidi iliyochoka, au hitilafu ya injini kama vile plagi mbovu na uchafu kwenye mlango wa hewa.

Kwa magari yenye kijiti cha kupimia, kama Probox za gia 4, oili hupimwa giaboksi ikiwa moto, gari likiwa mahali tambarare, injini ikinguruma na gia ikiwa P. Oili njema huwa na wekundu unaong'aa. Ikiwa ya kahawia iliyokolea na yenye harufu ya kuungua, sahani zimekwisha kuumia, na hakuna kipuri cha kuharakisha gia kitakachozirejeshea uhai.

Aina ya oili ni jambo lisilo na mjadala. Toyota hutumia aina kadhaa, zikiwemo T-IV na WS, na CVT huhitaji oili yake mahususi. Kutia oili ya giaboksi ya kawaida ndani ya CVT ni njia ya mkato ya kuiua.

Aidha, kumwaga oili mara moja hakuiondoi yote, kwa sababu sehemu kubwa husalia ndani ya konvata, chombo kinachopokea nguvu za injini na kuzipeleka kwenye giaboksi. Kwa gari linalobeba mizigo milimani, mafundi wengi hushauri oili ibadilishwe kila baada ya kilomita 40,000 hadi 60,000.

<b>Seti ya vali</b>

Kipuri maarufu zaidi duniani cha kuharakisha gia ni seti ya vali. Seti hizo zilipata umaarufu nchini Marekani kupitia kampuni kama TransGo, na huwa na springi ngumu zaidi, vali mpya na wakati mwingine bamba lenye matundu yaliyopanuliwa.

Lengo lake ni kuongeza shinikizo la oili na kuifikisha haraka kwenye sahani. Sahani hushikana upesi, mtelezo hupungua, na joto linalotokana na mtelezo hupungua pia. Kwa giaboksi nzima inayobeba mizigo, seti iliyofungwa vyema yaweza kuiongezea maisha.

Hata hivyo, ina gharama yake. Gia hushika kwa kishindo, na kishindo hicho hupokewa na ekseli pamoja na mipira inayoshikilia injini. Sahani zilizokwisha kuchakaa zaweza kumalizika kabisa.

Isitoshe, seti nyingi hutengenezewa giaboksi za Marekani na za magari makubwa. Mwenye gari dogo la Japani huenda asipate iliyoundwa kwa giaboksi yake, na kumruhusu fundi apanue matundu kwa kukisia ni kucheza bahati nasibu. Kwake yeye, kufunga solenoidi mpya na vali-bodi iliyokarabatiwa ndiyo njia salama.

<b>Kipoza oili, kompyuta na konvata</b>

Iwapo mkazi wa Meru au Embu ana fedha za kipuri kimoja pekee, kipoza oili cha ziada ndicho kinachofaa zaidi. Ni rejeta ndogo inayofungwa mbele ya gari na kupitishwa oili ya giaboksi. Haiharakishi gia siku ya kwanza, lakini huzuia oili isipoteze nguvu zake gari linapopanda mlima mrefu.

Wataalamu hukadiria kwamba oili ikishapita joto lake la kawaida, kila nyongeza ya takriban nyuzi 10 za Selsiasi hupunguza maisha yake kwa nusu.

Kwa magari mapya zaidi, kompyuta ya giaboksi yaweza kuandikwa upya ili gia zibadilike mapema au kwa shinikizo kubwa. Kazi hii yahitaji fundi mwenye vifaa na programu ya giaboksi hiyo hasa. Ikumbukwe pia kwamba kompyuta nyingi hujifunza mienendo ya dereva, na gia zaweza kuwa na ukakasi kwa muda baada ya betri kung'olewa.

Vijisanduku vinavyofungwa kwenye kanyagio la mafuta ni jambo tofauti. Hivyo hupeleka kwa injini ujumbe kwamba mguu umekanyaga zaidi ya ulivyokanyaga. Gari huonekana jepesi, ilhali giaboksi haijaguswa.

Nayo konvata ya mashindano, inayoiacha injini izunguke kasi zaidi kabla ya kushika, huzalisha joto jingi. Gari la mizigo la milimani halifai kuwekewa.

Wenye CVT hawana fungu la sahani la kuharakisha katika kila gia, kwani mkanda wa chuma huteleza juu na chini kati ya puli mbili. Kwao, oili sahihi, kipoza oili na mzigo wa kadiri ndiyo maboresho ya maana.

<b>Kushuka ni kugumu kuliko kupanda</b>

Mnamo Julai 24, 2022, basi lilitumbukia kutoka kwenye daraja la Nithi, kaunti ya Tharaka-Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Daraja hilo lililo chini ya miteremko yenye kona limekuwa na historia ndefu ya ajali.

Mteremko wa aina hiyo hukumbusha kwamba giaboksi ni msaidizi wa breki. Dereva wa otomatiki anapaswa kuzima kitufe cha O/D au kuchagua gia 2, L, S au B, kulingana na gari lake, kabla mteremko haujaanza, ili injini ishikilie mwendo na breki zisichemke.

Kuweka gia N ili kuokoa mafuta ni hatari maradufu. Injini haishikilii tena gari, na pampu ya giaboksi huzunguka polepole huku vyuma vya ndani vikizunguka kwa kasi vikikosa oili ya kutosha.

Mwenye gari aliyeamua kufanya mabadiliko yafaa aiarifu kampuni yake ya bima kabla ya kuyafanya, kwani badiliko lisilotangazwa laweza kuzua utata wakati wa kudai fidia.

Kisha amwulize fundi maswali matatu: Je, oili ya zamani ilikuwa na hali gani? Kompyuta imeonyesha hitilafu zipi? Kipuri hiki kimeundwa kwa giaboksi ya nambari ipi? Asiyeweza kuyajibu hastahili kukabidhiwa vali-bodi ya gari litakaloshuka Nithi likiwa na abiria.