Majina ya Kanga

Kanga wa nyika za Kimana, Kajiado, huitwa na wanasayansi Numida meleagris reichenowi. Mwaka 1758 Linnaeus wa Uswidi alimweka kanga katika jenasi ya Phasianus, pamoja na kuku. Mwaka 1764 akamtenga kwa jina la Numida, yaani wa Numidia, Afrika ya Kaskazini. Meleagris ni jina la Kigiriki la kanga mwenyewe, ingawa Linnaeus huyo huyo alilitumia pia kwa jenasi ya bata mzinga, ndege wa Amerika. Mwaka 1894 Mskoti Ogilvie-Grant akaongeza jina la Reichenow, mtaalamu wa Kijerumani.

Jina zima, basi, halina neno hata moja la Afrika Mashariki. Hali lugha zetu zilikwisha kumtaja ndege huyu: Wachewa husema nkhanga, Washona hanga, na ulinganifu huo wa sauti wadhihirisha asili moja ya Kibantu. Sarufi nayo huainisha: kanga huyu ni ndege, kanga hii ni nguo. Kamusi inayoridhika kueleza “aina ya ndege” huzipoteza elimu zote mbili. Yafaa iandike jina la kisayansi kando ya la Kibantu.