Utani wa Jadi na Ghasia za Viwanjani

Magoma, wilayani Korogwe, ipo chini ya milima ya Usambara, katika nchi ya mkonge. Mashamba ya mkonge ya Tanga yaliwakusanya vibarua wa makabila mengi, na utani ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyowawezesha kuishi pamoja. Mtani aliruhusiwa kumkejeli mwenzake hadharani, naye aliyekejeliwa hakupaswa kukasirika. Lakini siku ya msiba, mtani yule yule ndiye aliyesaidia kuzika na kuwaliwaza wafiwa. Utani, basi, ulikuwa dhihaka yenye wajibu.

Mpira wa miguu umeliazima jina hilo. Yanga ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya wanachama walijitenga, wakaunda timu iliyokuja kuitwa Sunderland na, tangu mwaka 1971, Simba. Ndugu hawa waliotoka tumbo moja ndio tunaowaita watani wa jadi. Mwaka 1968 Yanga ilishinda kwa mabao 5 kwa bila. Mwaka 1977 Simba ikalipiza kwa 6 kwa bila. Hata leo mabao hayo husimuliwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa, na kicheko hicho hakimdhuru mtu.

Lakini tarehe 1 Oktoba 2016, katika Uwanja wa Taifa, Yanga ilipata bao ambalo wapinzani walidai mfungaji aliushika mpira. Mashabiki wa Simba waling'oa viti. Polisi wakafyatua mabomu ya machozi. Mchezo uliisha kwa bao 1 kwa 1, na Serikali ikazizuia timu zote mbili kuutumia uwanja huo. Viti vile vilikuwa mali ya umma: mkulima wa Magoma alikuwa na sehemu yake.

Hasara ingaliweza kuwa kubwa zaidi. Tarehe 9 Mei 2001, mjini Accra, Ghana, ghasia zilianza vivyo hivyo kwa viti na mabomu ya machozi. Watu walikimbilia milango, wakaikuta imefungwa. Walikufa 126.

Ni kweli kwamba waamuzi hukosea, na haki hudaiwa. Lakini hudaiwa mbele ya chama cha mpira, wala si kwa kuvunja viti. Anayetaka kumcheka mtani wake leo, awe tayari kuchekwa kesho na kumliwaza keshokutwa. Wahenga walisema hasira hasara. Nasi viwanjani tumezoea kusema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.