Hammurabi na kibanja cha Igurwa

Jamani, ukimtaja Hammurabi kila mtu anakurukia na jicho kwa jicho. Basi, imeisha. Lakini jiwe la sheria zake, lililochimbwa Susa kule Iran mwaka 1901 na sasa liko Paris, lina sheria kama 282, na nyingi ni za mashamba, mikopo, ndoa na urithi. Babiloni ya miaka karibu 3,750 iliyopita waliishi kwa shamba, na hofu yao ilikuwa shamba kutoka nje ya familia.

Mtu wa Igurwa haelezwi hofu hiyo. Kibanja kina migomba na makaburi ya wazee, akiingia mtu baki ni kesi!

Sheria ya 171 inasema mjane akae kwenye nyumba ya mumewe mpaka afe, ila asiuze, ni ya wanawe. Sasa soma Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, lililoandika mila za urithi: mwanamke aitumie ardhi ya ukoo, asiiuze, labda ukoo uwe hauna mwanamume. Utadhani wamenakiliana. Wapi! Wenye ardhi ndio waliosikilizwa, huku na kule.

Ila sheria ya 179 ndiyo iliyoninyima usingizi. Binti aliyewekwa wakfu hekaluni, kama baba alimwandikia kwenye kibao kwamba mali ampe amtakaye, kaka zake hawana la kudai. Maandishi ya baba yanatosha.

Sasa njoo kwetu Kagera. Mwaka 1988, wilaya ya Muleba, Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na babake kwa wosia halali. Bernardo Ephrahim wa ukoo huohuo akashtaki, na Mahakama ya Mwanzo Kashasha ikabatilisha mauzo. Yaani binti wa Babiloni na kibao chake cha udongo alimzidi Mhaya mwenye wosia!

Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza. Februari 1990 Jaji Mwalusanya akasema kanuni ile ni ya kibaguzi, inapingana na haki zilizoingia kwenye Katiba mwaka 1984, na mwanamke auze kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Bernardo akilitaka shamba alikomboe kama ambavyo angelikomboa likiuzwa na mwanamume: shilingi 300,000, ndani ya miezi 6.